Maneno Niliyomlisha Bibi wa Barafu

Shikuku alizikwa Khwisero Jumamosi iliyopita, na mtu aliyepewa kipaza sauti amsifu ni yule yule aliyemfukuza kazi. Bwana Muchesia amezeeka. Anatembea na fimbo, shingo imenywea ndani ya kola, lakini sauti haijabadilika, sauti ya mtu ambaye hajawahi kuambiwa anyamaze. Alisema marehemu alikuwa fundi hodari, kwamba wao wawili walipeleka sinema katika vijiji ambavyo havikuwa vimeona hata televisheni, kwamba waliwafungua watu macho. "Tuliwaonyesha dunia," alisema, na watu waliokuwa chini ya hema wakapiga makofi. Mjane alikuwa ameinamisha kichwa. Mimi nilikuwa safu ya tatu, kwenye kiti cha plastiki, nimeshika kamba ya mkoba wangu mpaka vidole vikafa ganzi. Mama niliyekaa naye akaniuliza, "Mwalimu, uko sawa kweli?" Nikamwambia ni jua. Halikuwa jua. Sikusimama kumjibu Muchesia, kwa sababu mazishi yale yalikuwa ya mjane na watoto wake, si yangu. Niliondoka kabla ya chakula, nikarudi nyumbani, nikatoa daftari. Hapa kwenye karatasi hakuna wa kuniambia ninyamaze.

Mwaka ninaotaka kuueleza nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilikuwa nimemaliza shule na nikisubiri nafasi ya chuo cha ualimu, na nikaajiriwa kutafsiri sinema katika ofisi ya mradi mmoja wa makazi hapa Kakamega. Ofisi ilikuwa nyumba ya kupanga mtaa wa Amalemba, vyumba vitatu na jiko. Chumba cha mbele kilikuwa cha Muchesia, msimamizi wetu, na kilikuwa na zulia. Cha kati kilikuwa na mashine za Shikuku: projekta, jenereta ndogo, spika mbili nzito kama magunia ya mahindi. Cha nyuma kilikuwa changu. Tulikuwa tumetundika magodoro ukutani ili sauti isitoroke, na dirisha tulilifunga kwa blanketi, kwa hiyo nilifanya kazi mchana kutwa chini ya taa, jasho likinichuruzika, nikisoma maneno mbele ya maikrofoni. Jirani alifuga kuku. Kila nikifika sentensi ya mwisho, jogoo aliwika, na Shikuku, aliyekuwa akinirekodi, alicheka mpaka akashika tumbo. "Dina, huyo naye anataka kazi," alikuwa akisema. "Mwandike." Alikuwa ananizidi miaka kama kumi, mrefu, mpole, mwenye vidole vilivyonusa mafuta ya mashine hata akitoka kuoga. Saa sita tulikula pamoja jikoni, obusuma, yaani ugali, na mboga ya mrenda, tumeketi juu ya masanduku ya kanda. Nilikuwa na furaha mwaka ule, angalau nusu yake ya kwanza. Nalisema hili kwa sababu hasira yangu inatoka hapo. Ningekuwa nimelazimishwa kwa njaa au kwa kipigo, ningejihurumia. Mimi nilikuwa nimeshiba na nilikuwa nacheka.

Sinema zilikuwa nne, zote kuhusu Wainuiti, watu wanaoishi kaskazini kabisa mwa dunia, kwenye nchi ya barafu. Sikuwa nimewahi kuwasikia. Msichana mmoja wa kule, umri wangu hasa, ndiye aliyezipiga picha. Alikuwa amemfuata bibi yake kwa kamera mwaka mzima, akimuuliza maisha yalikuwaje zamani na yamekuwaje sasa. Nilimwona bibi akichuna ngozi ya sili, yule mnyama wa baharini mwenye mafuta, kwa kisu cha duara. Nilimwona akionyesha kwa mkono mahali palipokuwa na kambi yao, ambapo sasa hapakuwa na kitu ila theluji na upepo. Niliona vijana wakipita kwa kishindo juu ya pikipiki za theluji, na bibi amesimama mlangoni pa nyumba ya mbao, nyumba iliyofanana na jirani yake na jirani ya jirani yake, zimepangwa mstari mmoja kama madawati. Nilimpenda. Alikuwa na namna ya kunyamaza kabla ya kujibu iliyonikumbusha akina kukhu wa kwetu, wale bibi ambao ukiwauliza swali la kijinga wanakutazama kwanza hadi ulijutie.

Pamoja na kanda kulikuwa na maandishi ya Kiingereza ya kila lililosemwa, na barua fupi ya yule msichana. Aliandika kwamba amefurahi sinema zake kufika mbali hivyo, ila anaomba jambo moja, maneno ya bibi yake yatafsiriwe yote, kwa sababu bibi alikubali kupigwa picha kwa sharti hilo. Nilisoma barua ile nikaibandika ukutani kwa gundi. Siku mbili baadaye Muchesia alikuja na karatasi nyingine, za Kiswahili, zilizopigwa chapa vizuri. "Tafsiri kutoka hizi," akasema. "Ziko rahisi." Nikaketi nikalinganisha. Katika sinema ya tatu, bibi anaeleza walivyohamishwa. Maneno yake ya kweli yalikuwa haya, ninayajua kama ninavyolijua jina langu: "Walituambia tuhamie kwenye nyumba za mbao, tutapata shule na daktari. Tukahama. Mbwa wetu wakapigwa risasi. Watoto wangu wakapelekwa shuleni kwa ndege, na waliporudi hawakuelewa ninachosema. Ninapika, wanakula, hatuzungumzi. Ningejua, ningebaki kule kule na baridi yangu." Halafu analia. Karatasi za Muchesia zilisema: "Tulihama kwa hiari. Watoto wangu wamesoma. Nyumba ina joto. Anayekataa kuhama anawanyima watoto wake maisha." Na pale anapolia, walikuwa wameandika: "Ninalia kwa furaha."

Nilimpelekea Muchesia zote mbili, ya Kiingereza mkono huu na ya Kiswahili mkono huu. Nilidhani kuna makosa. Mnaona nilivyokuwa? Alizitazama kidogo tu. "Dina," akasema, kwa upole kabisa, "wewe unafikiri huyo mama atakuja hapa Kakamega kutushtaki?" Nikasema kuna barua. Akasema barua ameiona. Kisha akaniuliza kama ninajua ni wasichana wangapi walioomba kazi yangu, na kama ninajua kwamba barua ya kunipendekeza chuoni itasainiwa na yeye. Nikarudi kwenye chumba changu. Jioni ile mlango wake ulikuwa wazi kidogo, na nilimsikia akizungumza na mgeni mwenye viatu vya kung'aa. "Wale wazee wa pembeni mwa msitu hawamwamini ofisa," alisema. "Ukiwapelekea chifu, wanakaa kimya. Lakini wakimwona mzee mwenzao amehama na anashukuru, watatia kidole gumba wenyewe kwenye karatasi za kuhama." Mgeni akacheka. Nilisikia kikombe kikiwekwa juu ya sahani. Kesho yake asubuhi niliketi mbele ya maikrofoni nikasoma karatasi za Kiswahili kwa Kiisukha, lugha ya mama yangu, kwa sauti tamu ya kikongwe niliyoizoea kwa kumwigiza shangazi. Nilipofika kwenye machozi, niliitetemesha sauti. Hakuna aliyeniagiza niitetemeshe. Hilo niliongeza mwenyewe.

Tulianzia Khayega, kwenye ukumbi wa kanisa, mchana, madirisha yamezibwa kwa magunia. Ndani kulikuwa na joto la kuoka mkate, na watu wamejaa hadi mlangoni wakitazama theluji. Watu walicheka walipowaona mbwa wakivuta mzigo. Mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Na hawa shamba lao liko wapi? Wanalima nini hapo?" Mwanamke nyuma akamjibu, "Nyamaza, hao wanalima samaki." Lakini bibi alipotokea, ukumbi ulitulia. Walimpa jina palepale, Kukhu wa Barafu. Aliposema, kwa sauti yangu, kwamba nyumba ina joto, niliona vichwa vya wanawake vikitikisika kukubali.

Kulikuwa na kijiji kimoja nyuma ya Khayega, kinachogusana na msitu, ambacho mradi ulikitaka kihame. Watu wake waliambiwa watapewa nyumba za bati kando ya barabara, na shule, na bomba la maji, na zahanati. Ardhi waliyoiacha ilitakiwa kwa shamba la miti ya mbao la watu wenye vyeo, lakini hilo tulilijua baadaye. Aliyekuwa akiwazuia wenzake ni mjane aitwaye Respa. Hakuwa na cheo chochote. Alikuwa mkunga, amewapokea mikononi mwake nusu ya watu wa kijiji kile, na walimsikiliza. Muchesia alipeleka projekta kwake makusudi. Tuliweka mashine katika darasa la shule ya msingi karibu na boma lake, na baada ya sinema Respa akatualika mimi na Shikuku nyumbani. Nakumbuka sakafu iliyosiribwa upya kwa samadi, stuli tatu, kabati lenye vikombe visivyotumika, harufu ya moshi wa kuni za msituni. Alikuwa ametuchinjia ingokho. Kwetu kuku hachinjwi kwa mgeni wa hivi hivi. Alinipakulia paja, akaketi mkabala nami, akanitazama nikila.

"Ile sauti ni yako," akasema.

"Ndiyo, kukhu."

"Unatafsiri tu vile yule mama anasemanga?"

Nikasema, "Ndiyo, kukhu. Vile anasema."

Akavuta pumzi ndefu. "Mimi nimekataa miezi saba," akasema. "Nimetukana mpaka chifu. Lakini yule ni mzee kama mimi, na ameona kwa macho yake. Kama yeye alihama akashukuru, labda mimi ndiye nawanyima hawa watoto." Wiki ile alitia kidole gumba kwenye karatasi, na wengi wa majirani wakamfuata. Nimeisikia sauti yake ikisema "labda mimi" kwa zaidi ya miaka thelathini. Watu husema hasira ni kwa wengine. Ile ninayomwekea Muchesia ni ndogo. Kubwa ni ya yule msichana mwenye paja la kuku mkononi, aliyejibu bila hata kukohoa.

Nyumba zao zilibomolewa Jumapili, wakiwa kanisani. Hawakuwa wameambiwa siku. Baada ya miezi miwili, tulipopita na gari la mradi, nilikiona kijiji kipya: vibanda vya bati vimepangwa mstari, vimebanana hivi kwamba mtu akipiga chafya jirani anamwombea. Bomba lilikuwepo, limesimama kwenye saruji, kavu. Shule ilikuwa mbao tatu zenye maandishi, hakuna jengo. Wanawake walikuwa wakifuata kuni mbali kuliko walipotoka, na walinzi wapya wa msitu wakiwakimbiza. Respa alikuwa ameketi nje ya kibanda chake kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nilijifunika uso kwa kitabu, nikijifanya nasoma. Shikuku aliniona. Tulipofika Amalemba aliweka kanda ya tatu kwenye mashine, akaiwasha bila sauti, akaisimamisha pale bibi analia.

"Mimi Kiingereza yangu ni kidogo," akasema. "Lakini huyu mama nimemtazama kila wiki tangu Februari. Hii si furaha. Mama yangu alilia hivi wakati ndugu yangu alizikwa. Hebu niambie anasema nini."

Nikamwambia. Nilitoa karatasi za Kiingereza nyuma ya godoro la ukutani nikamsomea neno kwa neno, nikamwonyesha barua, ambayo nilikuwa nimeibandua ukutani ili isinitazame. Alisikiliza amesimama. Nilitegemea atanifokea. Alizima mashine, akaketi juu ya spika, akaweka mikono usoni. "Nimebeba hii kitu kwa mgongo wangu," akasema. "Kutoka gari mpaka darasa. Kwa mgongo wangu, Dina!" Hiyo ndiyo mara moja tu nilimsikia akipaza sauti. Kisha akasema tutaionyesha tena, Khayega, siku ya soko, na safari hii nitasimama mbele ya watu nitafsiri kwa mdomo wangu. Nikamwambia tutafukuzwa. Akanijibu, "Na sasa tuko kazi gani?"

Muchesia alikuwa amesafiri kwenda Kisumu. Tulichukua gari kama kawaida, tukaziba madirisha ya ukumbi kwa magunia yale yale. Shikuku alizima sauti yangu tamu iliyorekodiwa, akaacha ya bibi mwenyewe, ile lugha yake inayotoka kooni, ambayo watu hawakuwa wamewahi kuisikia. Nikasimama kando ya kitambaa na maikrofoni. Nikasema, "Yale niliyowasomea mwanzo hayakuwa yake. Haya ndiyo yake." Nilisema kuhusu mbwa. Nilisema kuhusu ndege na watoto. Niliposema, "Ningejua, ningebaki kule kule na baridi yangu," watu wa nyuma walisimama. Kisha mtu akapiga benchi teke, mwingine akaanza kulia, na kelele ikajaa ukumbini. Mwanaume mmoja alinirushia kiatu kikanigonga begani. Ilikuwa haki yake. Familia ambazo hazikuwa zimehama ziliapa palepale kwamba haziondoki, na kwa kweli hazikuondoka. Mradi ulibabaika miezi michache, ukafunga ofisi, ukahamia wilaya nyingine na zulia lake.

Respa alikuwa mstari wa mbele. Alingoja watu wapungue, akaja akasimama karibu nami hadi nikasikia pumzi yake.

"Siku ile ulikuwa kwangu," akasema. "Ulijua?"

"Nilijua, kukhu."

"Sema tena alivyosema."

Nikasema. Akaniambia niseme tena. Nikasema. Mara ya tatu sauti ilinikatika, naye akangoja, hakunisaidia, mpaka nikamaliza. Kisha akageuka akatoka nje kwenye jua. Sikumwomba msamaha, sikujua kama neno lenyewe lingefika kutoka mlangoni hadi alipokuwa. Jumatatu Muchesia alirudi akatufukuza sote wawili, mimi kwanza. Aliichana barua yangu ya chuo mbele yangu, vipande vidogo vidogo, kwa subira, kama mtu anayechambua mboga. Niliingia chuoni miaka miwili baadaye kwa njia nyingine. Shikuku alirudi Khwisero kutengeneza redio, na hiyo ndiyo kazi aliyoifanya hadi alipokufa. Muchesia, naambiwa, alipandishwa cheo.

Lakini mwaka ule haukuishia hapo. Mwanzoni mwa Desemba, nikiwa sina kazi, nilisikia sokoni kwamba Respa amerudi kule pembeni mwa msitu, amekata miti, anajenga kibanda pale nyumba yake ilipokuwa. Nilikwenda. Sikujua ninakwenda kufanya nini. Nilimkuta peke yake kwenye matope, gauni amelifunga kiunoni, na mbele yake amesimama ofisa kijana na askari wawili wenye rungu. Ofisa alikuwa mgeni wa sehemu zetu, hakujua Kiisukha, na Respa, aliyezungumza Kiswahili vizuri tu, alikuwa amekataa kumpa hata neno moja la Kiswahili. Ofisa aliponiona alifurahi. "Dada, unaelewa huyu mama? Mwambie hapa si kwake tena. Muulize anataka nini."

Nikamweleza. Respa alinitazama kwa mara ya kwanza tangu ukumbini. Akaegemea jembe, akasema kwa Kiisukha, polepole, akikata maneno ili nisipotee, na mimi nikamgeukia ofisa nikayasema kwa Kiswahili moja baada ya jingine. Nilisema: anasema nyumba yake mliibomoa akiwa kanisani. Anasema mume wake amelala pale kando ya migomba, na trekta lenu limepita juu yake. Anasema kidole alichotia kwenye karatasi kilitiwa na uongo, na aliyeuleta uongo ni mimi, huyu unayemwita dada. Anasema amewazalisha mama wa watu kama wewe, na mama yako akikuona hapa na watu wa rungu atajuta alikusukuma. Nilipofika hapo askari mmoja aliangalia chini. Respa akasema neno la mwisho. Nilisita. Akagonga jembe ardhini, nami nikalisema.

"Anasema ukitaka kumtoa umbebe mwenyewe, na atakukojolea njiani."

Ofisa alikuwa ameshika kalamu juu ya daftari lake. "Atanikojolea?"

"Ndiyo. Njiani."

Alifunga daftari. Alisema atarudi na wakubwa zake, na sauti yake haikuwa na uhakika. Hakurudi, wala wakubwa hawakuja, na Respa aliishi pale hadi alipokufa, akapumzishwa kando ya migomba. Lakini siku ile hatukuyajua hayo. Tuliwatazama wakipanda gari, tukasikiliza hadi mlio wake ukaisha. Nilibaki nimesimama, viatu vyangu vya mjini vimezama matopeni, nikingoja anifukuze. Respa alitema mate pembeni, akafuta uso kwa mkono wenye udongo, akaanza kukanda matope kwa miguu.

"Shika hiyo nguzo," akasema. "Ishike wima."

Nikaishika.